Siku tatu zimeenda na 172.17, na tiketi wakaifunga nikiwa bado naandika

Wacha niseme mapema kwamba nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie. Hii ni huduma ya klaudi ya kuandikia programu, ile unafungua brauza tu na unapata mashine iko tayari na kila kitu, Docker ndani (ile ya kuendesha programu kwenye visanduku vilivyotengwa, vinaitwa kontena), hata kama laptopu yako ni ya zamani. Jina silitaji. Bei na kasi mtajisomea kwao. Mimi nataka kuongea kuhusu namba moja, 172.17, mwanzo wa anwani za mtandao, na kuhusu yule mtu wa sapoti.

Ofisi yetu iko Upper Hill na databesi ya majaribio inakaa kwa seva yetu wenyewe, chumba cha nyuma, anwani yake inaanza na 172.17.4. Mtandao huo mzee wetu wa mitambo aliupanga miaka mingi kabla mimi sijaajiriwa na haujawahi kutusumbua. Sasa ilikuwa karibu mwisho wa mwezi, mteja ana maduka ya dawa na anangoja ripoti, nikawasha VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje, ndani ya ile mashine ya klaudi, VPN ikashika vizuri, nikaitafuta databesi, hakuna. Seva ya faili iliyo kwa 192.168 inafunguka hapo hapo. Printa ya mapokezi inajibu. Ni databesi peke yake imekataa, na kwa laptopu yangu, VPN ile ile, inafunguka bila shida yoyote. Nilikaa hapo mpaka soja akapanda kuniuliza kama nafunga ama nalala.

Asubuhi nikaandikia sapoti. Niliwaeleza vizuri, kwa heshima, nikawabandikia matokeo ya ping, ile amri ya kujaribu kama mashine inafikika, yote kama yalivyo. Akaja mtu kwa chati, akaniambia nicheki faiawoli ya ofisi, ule ukuta wa kulinda mtandao. Nikamwambia faiawoli ni sawa, laptopu inapita. Akaniambia nicheki VPN. Nikamwambia VPN ni sawa, vitu vingine vinafunguka. Nikambandikia tena. Mara ya tatu nikambandikia tena yale yale, na akajibu, nanukuu kwa Kiswahili: jukwaa letu halina tatizo lolote, ongea na anayesimamia mtandao wenu. Halafu nikiwa katikati ya kuandika jibu, kile kisanduku kikageuka kijivu. Tiketi imefungwa, imetatuliwa. Imetatuliwa na nani? Mimi nalipa hiyo kitu kwa dola kila mwezi, kwa kadi yangu kabla ofisi inirudishie, na mtu hawezi hata kungoja nimalize sentensi.

Nikamwendea mzee. Hakuuliza faiawoli, hakuuliza VPN. Alivaa miwani, akaangalia skrini kama sekunde kumi hivi, akaweka kidole kwa laini moja: "Kijana, huyu anayekujibu ni nani?" Nikaangalia. Kila jibu la kwamba mashine haifikiki lilikuwa linatoka 172.17.0.1. Hiyo si anwani yetu ya ofisi. Ni ile mashine ya klaudi yenyewe inajijibu! "Sasa andika ip route." Hiyo amri huonyesha kila anwani inapitia wapi, na hapo ndipo ikaonekana, 172.17.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 172.17, imeshikwa na docker0, mtandao wa ndani wa Docker.

Kwa wale hamjakutana nayo, Docker ikiwekwa bila kuambiwa kitu hujichukulia 172.17.0.0/16 kwa ajili ya kontena zake, na mitandao mingine unayounda inafuata 172.18, 172.19, hivyo hivyo. Kwa hivyo mashine ikisikia 172.17.4 inaamini huyo ni jirani yake wa ndani, inamtafuta hapo hapo ndani, haimpati, na pakiti, yaani data unayotuma, haifiki kwa VPN kabisa. Mzee akaongeza njia moja ya 172.17.4.0/24, yaani zile zinazoanza na 172.17.4 tu, ipitie VPN, kwa sababu njia iliyo nyembamba hushinda iliyo pana, na databesi ikafunguka. Dakika tano, na kati ya hizo moja alikuwa anatafuta miwani. Na ile laini ya 172.17.0.1 nilikuwa nimemtumia yule wa sapoti mara tatu.

Jioni nikaenda kwa daemon.json, faili ya setingi za Docker, nikaweka bip na default-address-pools, zile sehemu za kuchagua anwani, kwa 10.213 ambayo hakuna mtu anaitumia kwetu, nikaistatisha Docker upya, nikaunda ile mitandao ya zamani tena kwa sababu haijibadilishi yenyewe, nikatoa ile njia ya mzee, ikafanya kazi. Nikafurahi, nikaenda nyumbani mapema. Asubuhi mashine imelala na kuamka, imejengwa upya, faili imefutika, tumerudi 172.17. Hapo ndio nilipandwa na hasira kabisa.

Nikapekua setingi zao zote. Kumbe kuna ukurasa, uko ndani sana, una kisanduku cha kuchagua hizo anwani, na kimeshajazwa 172.17.0.0/16. Lakini kinaandikika tu wakati wa kuunda mashine mara ya kwanza, baadaye kimefungwa. Yaani dawa iko kwao! Yule mtu angeniambia tu, futa hii, unda nyingine, badilisha hapa, tungeachana vizuri. Anwani za binafsi, zile za kutumika ndani ya mtandao wako tu, ziko tele, 10.0.0.0/8 peke yake ina zaidi ya milioni 16, na RFC 1918, hati iliyozitenga, imekuwepo tangu 1996, kila ofisi inachota humo humo. Kugongana ni lazima kutokee. Si uniulize siku ya kwanza ofisi yenu mnatumia ngapi?

Nikaunda upya na 10.213. Na lazima niseme ukweli, tangu hapo imekuwa safi, kontena zinaamka haraka, ripoti ya mteja ilitoka, na stima ikipotea nafungua kwa simu kazi iko vile niliiacha. Nilikuwa nimeweka nyota moja, nikapandisha zikawa nne. Halafu leo nimeingia kwa akaunti kutafuta risiti, nikaona ile tiketi bado imeandikwa imetatuliwa, na chini yake nusu ya sentensi yangu. Nimerudisha mbili.

Mkiitaka chukueni, kama kitu ni nzuri. Lakini kabla ya kubonyeza kuunda, mwendee mtu wa mtandao wa ofisi yenu akupe orodha ya anwani. Yetu ni karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha seva, na mzee ameshaongeza 10.213 kwa kalamu nyekundu.