Kahawa ya Mlima Gorongosa: nimeinywa, naipendekeza

Nimelelewa kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa kule Mbozi, Tanzania, kwa hiyo kahawa siisifu ovyo. Hii ya Gorongosa, Msumbiji, niliinunua Beira ikiwa punje, nikaisaga mwenyewe. Ni arabika. Ukiimiminia maji ya moto inatoa harufu ya kukaribia kakao, na ukiinywa bila sukari inakaa mdomoni muda mrefu bila kukwaruza koo. Uchachu wake ni mdogo kuliko wa kahawa ya kwetu, na aliyezoea kikombe kikali ataiona imepoa. Mimi naipenda hivyohivyo, asubuhi, kabla sijatia kitu tumboni.

Usikubali kusagiwa tu. Pakiti ya pili nilisagiwa na duka fulani, wakailainisha kama unga wa sembe; ikawa tope ndani ya birika na uchungu ukafunika kila kitu.

Sasa niuseme mlima wenyewe, maana ndio ulionifanya niandike. Baba yangu mdogo alikuwa askari wa JWTZ, akapelekwa Zambézia, mkoa wa Msumbiji, baada ya kifo cha Rais Samora Machel wa nchi hiyo mwaka 1986, wakati jeshi letu lilipokwenda kuisaidia serikali ya chama cha FRELIMO dhidi ya waasi wa RENAMO. Alirudi 1988. Jina Gorongosa alilitaja kwa sauti ya chini, na alikuwa na sababu. RENAMO, kundi lililoundwa kwa msaada wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo, kabla ya uhuru) kisha likalelewa na makaburu wa Afrika Kusini, liliweka makao yake huko. Kambi yake kubwa, Casa Banana, ilitekwa na wanajeshi wa Zimbabwe na Msumbiji mwaka 1985, RENAMO wakairudisha, ikatekwa tena 1986.

Vita vile, vya 1977 hadi 1992, vinakadiriwa kuua watu wapatao milioni moja. Kwenye hifadhi iliyo chini ya mlima, tembo waliokuwa zaidi ya 2,000 walibaki hawafiki 200. Nyama ililisha wapiganaji, pembe zikanunua silaha. Wenye pembe ndio waliowindwa, wasio nazo wakabaki kuzaa, kwa hiyo hadi leo majike wengi wa huko huzaliwa bila pembe. Habari hii ndiyo inayoniuma kuliko nyingine zote: vita vimeingia hadi kwenye damu ya mnyama ambaye hakuwepo vilipopiganwa.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Miaka iliyofuata watu wenye njaa walipanda mlimani, wakafyeka msitu walime mahindi na viazi. Siwalaumu. Lakini msitu ule ndio unaoshika mvua na kulisha mito inayoteremka hadi hifadhini, na hapo ndipo kahawa ilipoingia: mibuni inapandwa pamoja na miti ya asili, miti inaipa kivuli, mkulima anapata fedha, na msitu unarudi pole pole.

Aliyekua shambani anajua mbuni unataka miaka mitatu, minne, kabla haujakupa mavuno ya maana. Anayeupanda ameamua kwamba atakuwepo. Mradi huu wa kahawa ukiwa bado mchanga, Oktoba 2013, majeshi ya serikali yalivamia kambi ya Afonso Dhlakama, kiongozi wa RENAMO, pale Satunjira, kwenye eneo hilohilo la Gorongosa, na risasi zikarejea. Dhlakama alifariki huko Mei 2018. Tarehe 1 Agosti 2019 Rais Filipe Nyusi na Ossufo Momade wa RENAMO walitia saini makubaliano ya kuacha uhasama pale Chitengo, ndani ya hifadhi yenyewe, na kambi ya mwisho ya RENAMO, ya Vunduzi, ikafungwa Juni 2023. Nikifungua pakiti hii nawaza mkono ulioendelea kupalilia katikati ya hayo yote. Nyumbani kwetu tuliogopa kutu ya majani na bei ya msimu, basi.

Bei yake iko juu ya kahawa ya kawaida, hilo mlijue. Wauzaji wanasema faida yote inarudi kwenye hifadhi na vijiji vinavyoizunguka: miti, shule, vilabu vya wasichana. Ninalipa bila kinyongo.

Kwa maziwa inashika vizuri, mradi maziwa yasizidi robo ya kikombe. Tangawizi na iliki sizishauri kabisa. Zinameza ile harufu ya kakao ambayo ndiyo umeilipia. Nunueni ya punje, pakiti ndogo ndogo, mkiangalia tarehe ya kukaangwa, na ukishaifungua imalize ndani ya wiki mbili tatu. Ukipita Beira au Maputo, usibebe moja tu: wageni wakiionja, hairudi kabatini.