42 Ultimate Hits ya Kenny Rogers: isikilize kwa mpangilio wake

Mtu akitaka kumjua Kenny Rogers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, bila kuhangaika kutafuta albamu moja moja, nitamwelekeza kwenye 42 Ultimate Hits. Kampuni ya muziki ya Capitol iliitoa mwaka 2004: diski mbili, nyimbo 42, zaidi ya saa mbili za kusikiliza. Kwangu mimi hizo ni saa chache. Kazi yangu ni trela. Kontena napakia Mombasa, nashusha Malaba au navuka nalo hadi Kampala, na usiku kati ya Voi na Mtito Andei ndipo muziki wa kantri unaponifaa. Wenzangu wengi ni watu wa Don Williams. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wa Jim Reeves, na jioni kipindi cha Sundowner cha KBC kikianza, ole wako uguse redio. Mimi ni wa Kenny, kwa sababu Kenny ana hadithi, na dereva akipata hadithi hasinzii.

Diski zenyewe niliagiza kwa mpwa wangu aliye Marekani. Redio ya lori haina mahali pa kutia diski, basi nikampelekea kijana wa duka la simu anihamishie kwenye flashi. Na hapa nina ushauri. Redio nyingi za magari hupanga nyimbo kwa alfabeti. Nilipochomeka ile flashi, All I Ever Need Is You ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, na muda si muda ikaja Buy Me a Rose. Yaani wimbo wa 1979, kisha wa 1999, kisha unarudishwa tena nyuma. Mwambie anayekuhamishia aweke namba mbele ya kila jina, kuanzia 01, afuate diski zilivyo. Uzuri wa mkusanyo huu ni kwamba kwa jumla unakwenda na miaka, na ukiufuata hivyo unamsikia mtu akibadilika mbele yako.

Kabla ya hapo nilikuwa na ile mikusanyo ya kuuziwa barabarani, nyimbo mia na kitu kwa bei ya chai na chapati. Ubaya wake si kwamba ni ya wizi tu. Kenny alirekodi upya nyimbo zake nyingi baadaye maishani, na hizo ndizo zinazojazwa kwenye makopi ya rahisi. Sauti ni yake, lakini imechoka kidogo, na ngoma ni za mashine. Ukiwa umeukulia ule wa kwanza kwenye redio, unajua ndani ya sekunde chache kwamba umepunjwa. Kwenye 42 Ultimate Hits unapata zile zenyewe.

Wimbo wa kwanza utamshtua anayemjua Kenny wa ndevu nyeupe. Ni Just Dropped In, wa 1968, alipokuwa na kundi la First Edition. Mtunzi ni Mickey Newbury. Gitaa limepigwa, likarekodiwa, kisha mkanda ukageuzwa ulie kinyumenyume, na Kenny anaimba mambo ya mtu ambaye kichwa chake kimepaa. Ulifika namba 5 Marekani. Tanboi wangu, yaani utingo, aliusikia akauliza kama flashi imeharibika. Mimi siupendi, lakini siuruki, maana bila huo huwezi kuona mtoto huyu wa nyumba za serikali za Houston, aliyezaliwa 1938 katika familia ya watoto 8, alikotokea na alikofika.

Halafu inakuja Ruby, Don't Take Your Love to Town, na hapo punguza mwendo. Ni ya 1969, mtunzi Mel Tillis, na haifiki dakika 3. Askari amerudi kutoka vita vya Asia, miguu haifanyi kazi. Yuko ndani. Mkewe amepaka rangi mdomoni, ametengeneza nywele, jua linatua, anatoka kwenda mjini. Bwana anambembeleza. Anakubali kwamba yeye si mume kama alivyokuwa, anakubali kwamba mwanamke kijana ana haja zake, anaomba tu asiachwe peke yake. Muda wote huo ngoma inakimbia kwa haraka, wakati anayeimba hawezi hata kujisogeza. Kisha mlango unabamizwa. Hatuambiwi kwamba amemwona mkewe akiondoka. Amesikia mlango tu. Ndipo anaposema kwamba lau angeweza kujisogeza, angechukua bunduki.

Nilimfasiria tanboi tukiwa kwenye foleni ya mizani Mariakani. Akanyamaza kidogo.

“Mzee, kwa hivyo anamuua?”

“Hawezi kuinuka.”

“Kwa hivyo anaimba tu?”

“Anaimba tu.”

Akasema basi huo ni mbaya kuliko angemuua. Sikuwahi kusikia mhakiki akiusema vizuri hivyo.

Katikati ya miaka ya 70 First Edition ikavunjika, Kenny akabaki peke yake, na mtayarishaji Larry Butler wa Nashville akamchukua. Hii ndiyo sehemu ya mkusanyo inayolipa gharama yote. Lucille ni ya 1977: baa mjini Toledo, mwanamke anavua pete, mgeni anamnunulia kinywaji, kisha mume anatokea. Jitu kubwa, viganja vimekomaa kwa kazi. Unasubiri ngumi. Bwana yule anatetemeka, anamwambia mkewe tu kwamba amechagua wakati mzuri wa kumwacha, watoto wanne wana njaa na mazao yako shambani. Molo nimewakuta wakulima wa viazi wakiuitikia huu kwa pamoja, wazee kwa vijana, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mazao kukaa shambani ni nini. Ulishika namba 1 hadi Uingereza. Mama yake Kenny naye aliitwa Lucille. Sijui wangapi walimtania bibi wa watu.

The Gambler huna haja ya kuambiwa. Don Schlitz aliutunga akiwa na umri wa miaka 23, wengine wakaurekodi kwanza, Bobby Bare mmojawapo, na haukwenda popote mpaka Kenny alipouimba 1978. Watu wanaimba kiitikio cha kujua lini ushike karata na lini uziweke chini, na siku hizi vijana wa kamari za simu wamekigeuza kuwa dua ya kabla ya kubeti. Hawafiki ubeti wa mwisho. Yule mzee mcheza kamari kwenye treni, baada ya kuomba pombe na sigara na kutoa ushauri wake, anageukia dirishani, analala, na usingizini anakufa. Mshauri mwenyewe hana hata kiberiti. Kenny anaimba kifo hicho bila kupandisha sauti, kama mtu anayekwambia gari limefika.

Coward of the County, ya 1979, ndiyo iliyozua mjadala nyumbani kwangu. Wanaoujua wanaupenda kwa ajili ya Tommy, kijana anayeitwa mwoga kijiji kizima kwa sababu baba yake aliyefia gerezani alimwachia wasia asipigane. Siku ndugu watatu wa Gatlin wanamvamia mpenzi wake Becky, Tommy anakwenda baa, anafunga mlango kwa ndani na kuwapiga wote. Wanaume tunaposikia kitasa kinafungwa, tunakaa vizuri kitini. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja: “Na Becky je?” Hakuna jibu. Ubeti unamwacha analia nyumbani, na kuanzia hapo hadithi yote ni uanaume wa Tommy: alipigana, akamwomba radhi marehemu baba yake, basi. Becky hasemi neno. Tangu siku hiyo nausikia wimbo ule kwa sikio lingine. Bado ni hadithi iliyosukwa vizuri sana, sitaki kudanganya, lakini swali limekaa pale pale.

Sasa njoo 1980. Lionel Richie, ambaye hakuwa mtu wa kantri hata kidogo, alimtungia na kumtayarishia Lady. Ukakaa namba 1 Marekani wiki 6. Kuanzia hapo barabara inageuka. Zile baa, treni na mashamba vinapotea, na badala yake kuna piano, fidla nyingi, na mwanamume anayemwambia mwanamke kwamba anampenda, kwa njia nyingi, wimbo baada ya wimbo. Through the Years ni nzuri, siwezi kuikataa, na harusi za huku kwetu hazijui kukata keki bila hiyo. Lakini zikifuatana zote, mimi husinzia, na mwenye trela hatakiwi kusinzia. Nikifika nusu hii huwa nimeshapita Emali, namwachia tanboi achague, naye hachagui Kenny.

Nyimbo za kupokezana na wanawake ndizo zinazoinusuru nusu hii, ingawa nyingine ziko mwishoni mwa nusu ya kwanza. Dottie West kwanza, sauti ya mtu aliyeishi. Kim Carnes kwenye Don't Fall in Love with a Dreamer, wa 1980, ana kikwaruzo kinachomfanya Kenny aimbe kwa bidii zaidi. We've Got Tonight na Sheena Easton, uliotungwa na Bob Seger, nimeusikia ukipigwa maharusi wakiingia ukumbini Nakuru. Ni wimbo wa watu wawili wapweke wanaoombana usiku mmoja tu, na kesho hawana mpango nayo. MC alikuwa akiucheza kwa furaha kabisa, na mchungaji anapiga makofi.

Islands in the Stream, wa 1983, uko peke yake. Ndugu watatu wa Bee Gees ndio watunzi. Kenny mwenyewe alisimulia kwamba aliuimba na kuuimba peke yake studio mpaka ukamchosha, hadi Dolly Parton alipoitwa. Ukisikiliza kwa makini utajua Dolly amefanya nini. Kenny anaanza kwa utaratibu, mtu mzima, hana haraka. Dolly anapoingia, wimbo unapanda, na Kenny naye anasikika kama anatabasamu. Hakuna hadithi humu, na sijali. Nikiwa peke yangu naimba sehemu ya Dolly.

Karibu na mwisho kuna Buy Me a Rose, uliompa namba 1 ya kantri mwaka 2000 akiwa na miaka 61, umri ambao hakuna mwanamuziki wa kantri aliyewahi kufika namba hiyo kabla yake. Billy Dean na Alison Krauss wanamsindikiza. Hapa hadithi inarudi. Mume anafanya kazi usiku na mchana ili amjengee mke nyumba kubwa, mke anachotaka ni ua moja, apigiwe simu kutoka kazini, afunguliwe mlango. Sauti si ile ya Lucille tena. Imeingia mchanga, na wimbo unaufaa mchanga huo. Kwa sisi tunaoishi barabarani unauma mahali pake. Nikiwa nyumbani mama watoto huupigisha kwa makusudi, akipika, mgongo amenipa.

Wimbo mpya uliotiwa kuuzia mkusanyo, My World Is Over, alioimba na Whitney Duncan, haunihusu. Si mbaya, ila haustahili kukaa meza moja na Ruby.

Mkusanyo unaishia 2004, na mzee aliendelea kurekodi baada ya hapo. Alifariki Machi 2020. Kwa hiyo humu hutapata You Can't Make Old Friends, wa 2013, alipokutana tena na Dolly wakiwa wazee wote wawili. Huo utautafuta mwenyewe, na uutafute.

Kama tayari una mkusanyo halali wenye Lucille, The Gambler na Coward of the County, na First Edition huitaki, baki na ulicho nacho. Nusu ya pili haitakuongezea mengi. Kama ulichonacho ni ile flashi ya barabarani, hii ni bora mara elfu. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ningeipa zote kama wangeondoa nyimbo kama 8 hivi za piano na mapenzi, wakaiita 34.