Madden NFL 25 kwa anayetaka kuendesha timu: nunua kwa ajili ya Franchise, Superstar ni nyongeza tu

Madden NFL 25, gemu ya futiboli ya Kimarekani kuhusu ligi ya NFL, ilitoka tarehe 16 Agosti 2024 kwa dola 69.99, Christian McCaffrey wa San Francisco 49ers akiwa kwenye jalada. Matangazo mengi yaliimba BOOM Tech, yaani namna mpya ya miili kugongana mchezaji anapoangushwa. Anayenunua gemu hii ili acheze mechi moja moja na rafiki sebuleni ana sababu ya kulijali hilo. Mapitio haya ni ya yule mwingine: anayetaka kukaa na timu moja misimu kumi, aajiri makocha, achague vijana kwenye drafti (zamu za timu kuchukua wachezaji wapya), avunje mikataba na kusuka kikosi upya. Kwa huyo kuna milango miwili, Franchise (kuongoza timu nzima) na Superstar (kuwa mchezaji mmoja), na ubora wake haulingani hata kidogo.

Aliyetoka kwenye Career Mode, modi ya kuongoza klabu katika gemu za mpira wa miguu, anahitaji kusahau jambo moja mapema: hapa hakuna kununua mchezaji kwa fedha. Wachezaji hupatikana kwa njia tatu. Kuna drafti ya kila mwaka yenye raundi 7, ambamo timu iliyofanya vibaya huchagua mapema. Kuna wachezaji huru ambao mikataba yao imeisha. Na kuna kubadilishana, mchezaji kwa mchezaji au kwa nafasi za drafti. Juu ya yote hayo upo ukomo wa mishahara, ambao kwa msimu halisi wa NFL wa 2024 ulikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Timu ni 32, kila moja hubaki na wachezaji 53 msimu unapoanza, na msimu una mechi 17 ndani ya wiki 18.

Ukomo wa mishahara ndio unaowaumiza wageni, na kosa huwa lile lile. Unapompa mchezaji mkataba, malipo yamegawanyika sehemu mbili: mshahara na bonasi. Bonasi kubwa humvutia asaini, ila ni deni lisilofutika. Chukua mkataba wa miaka 4 wenye bonasi ya dola milioni 20. Kila mwaka milioni 5 zinahesabiwa kwenye ukomo wako. Ukimwacha baada ya msimu mmoja, milioni 15 zilizobaki zinakurukia: gemu inazigawa kati ya mwaka huu na unaofuata, na mtu mwenyewe keshaondoka. Kwa hiyo mkimbiaji (anayebeba mpira kwa kukimbia) mwenye miaka 28, ambaye viwango vyake vitaanza kushuka wakati wowote, mpe mshahara mkubwa, bonasi ndogo na miaka michache. Bonasi nene mwekee kwotabeki (mrusha pasi wa timu) kijana ambaye una hakika hutamwacha. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kumwacha mtu, soma mstari wa adhabu. Mara nyingi kumwacha ni ghali kuliko kumweka benchi.

Upande wa wachezaji huru ni kati ya vitu vilivyofikiriwa vizuri zaidi. Mfumo huu uliingia Madden NFL 23 na umebaki. Kila mchezaji ana mambo matatu anayoyajali: fedha nyingi, timu inayogombea ubingwa, kuwa karibu na nyumbani, hali ya hewa ya joto, kuanza kwenye kikosi cha kwanza, kocha mwenye historia nzuri, na kadhalika. Limo pia la jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Hapo Miami Dolphins, Tampa Bay Buccaneers, Jacksonville Jaguars, Dallas Cowboys, Houston Texans, Tennessee Titans, Las Vegas Raiders na Seattle Seahawks wanafaidi bila kufanya lolote. Ukiongoza Green Bay Packers au Buffalo Bills, usipoteze ofa kwa anayetaka joto na soko kubwa. Utalazimika kulipa zaidi ya thamani yake, na bado anaweza kukukimbia. Tafuta anayependa timu yenye historia au kwotabeki wa uhakika. Kabla hujaanza kutoa ofa, chuja orodha kwa vigezo vyako, ndipo uangalie bei.

Skauti nao ni wazuri, mradi uwape kazi mapema. Una skauti mmoja wa taifa zima na watatu wa maeneo, na kila mmoja ana nafasi anazozijua zaidi. Wengi huwaacha kama gemu ilivyowapanga, halafu wanalalamika kwamba drafti ni bahati nasibu. Angalia kwanza mikataba inayoisha mwisho wa msimu. Kama safu yako ya mbele ya mashambulizi itavunjika mwakani, ajiri skauti wa safu hiyo na umpeleke eneo ambalo vijana wa nafasi hiyo wamejaa. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti, kasi ipe uzito kuliko karibu kila kitu kwa wapokeaji na mabeki wa pembeni, kwa sababu ufundi wa kukimbia njia za pasi unafundishika, ila kasi huongezeka kwa shida sana.

Kila mchezaji ana daraja la ukuaji: Normal, Star, Superstar au X-Factor (usichanganye hiyo Superstar na modi yenye jina hilo). Daraja ndilo linaloamua pointi za uzoefu zinazohitajika ili apande kiwango. Wa Normal hupanda kwa kujikokota. Kijana mpya ambaye daraja lake limefichwa anakuwa angalau Star, kwa hiyo usimtoe kwenye dili lolote kabla hajacheza vya kutosha likafunuka. Mchezeshe hata kama kiwango chake cha sasa ni 68. Na likitokea tukio la mchezaji kupewa lengo la wiki, kwa mfano kurusha pasi kadhaa za touchdown (za kufunga) kwenye mechi moja, lichukulie kwa uzito: akilifikia, daraja lake linaweza kupanda, na thamani yake inaruka mara moja.

Mipango ya wiki ina sehemu mbili. Kwanza unachagua mkazo wa mchezo kulingana na mpinzani: anapenda kukimbia katikati, kupiga pasi fupi, au kwenda mbali. Ukilenga sawa unapata nyongeza siku ya mechi. Pili unapanga mazoezi: nani apewe nafasi nyingi, kikosi cha kwanza au cha akiba, na kama wavae vifaa kamili au nusu. Vifaa kamili huleta uzoefu mwingi, pamoja na uchovu na majeraha zaidi. Wanaoendelea kuvitumia wiki zote 18 hufika Desemba na kikosi kilichochoka, kisha wanailaumu gemu kwamba wachezaji wao wamekuwa wazito ghafla. Mpango unaofanya kazi ni vifaa kamili mwanzoni mwa msimu, nusu kuanzia katikati, na nafasi nyingi kwa akiba wiki ya kucheza na timu dhaifu. Mazoezi yenyewe huna haja ya kuyarudia kila wiki: ukishapata medali ya dhahabu kwenye zoezi moja, baadaye unaliachia kompyuta na medali inabaki ile ile.

Jambo linalosahaulika: mchezaji anayefaa kwenye mfumo wa kocha wako, mwenye alama ya zambarau, hupata uzoefu wa ziada. Kwotabeki wa aina ya Scrambler (anayependa kukimbia na mpira) chini ya kocha anayetaka Field General (anayeongoza mashambulizi kwa pasi) atakua polepole hata akiwa na daraja zuri. Ni rahisi kubadili mfumo kuliko kubadili watu ishirini.

Sasa tuje kwenye kasoro, maana zipo na nyingine ni za miaka. Ya kwanza ni takwimu. Mechi ambazo kompyuta inazimaliza yenyewe hutoa takwimu za mechi kamili ya NFL, ilhali wewe ukicheza robo fupi unapata nusu ya mizunguko, yaani vipande vya mchezo tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama. Matokeo yake kwotabeki wako anashinda mechi 15 na tuzo ya MVP inakwenda kwa mwingine mwenye yadi nyingi. Weka robo ya dakika 10 na saa ya kuharakisha, inayokata muda wa kusubiri kati ya mizunguko, ibaki sekunde 20. Hapo timu inafikia mizunguko 60 hivi, karibu na mechi halisi. Ukiweka dakika 15 bila kuharakisha saa, takwimu zitapinduka upande wa pili na mechi moja itakula jioni nzima.

Ya pili ni ukuaji. Slaida za uzoefu, yaani vidhibiti vya kasi ya ukuaji, zinaanza zote kwenye 100, na kwa mpangilio huo ligi hujaa makwotabeki wenye zaidi ya 90 baada ya misimu michache, mpaka kuwa na mmoja wao si faida tena. Punguza ya makwotabeki kwa hatua ndogo, tazama ligi nzima mwisho wa msimu wa pili, kisha rekebisha tena. Kubadilisha slaida zote kwa mkupuo ni njia ya kutojua kipi kimeharibu nini.

Ya tatu ni akili ya kompyuta kwenye kubadilishana wachezaji. Tangu Madden NFL 24 kila upande unaweza kuweka vitu 6 mezani badala ya 3, jambo ambalo lilihitajika mno. Ila kompyuta bado inapenda kupita kiasi namba ya jumla ya mchezaji na kusahau nafasi anayocheza. Unaweza kumpa mkongwe mwenye 88 aliyebakiza msimu mmoja na ukachukua nafasi ya raundi ya kwanza. Wapo wanaofurahia hilo. Kwa kawaida ligi yao inaisha ladha ndani ya misimu miwili. Pandisha ugumu wa kubadilishana, na ujiwekee sharti la kutombadilisha mtu aliyevuka miaka 30 kwa nafasi ya raundi ya kwanza.

Uwasilishaji umepanda. Siku ya drafti Roger Goodell, kamishna wa NFL, anapanda jukwaani, na watangazaji ni jozi tatu: Mike Tirico na Greg Olsen, Kate Scott na Brock Huard, Brandon Gaudin na Charles Davis. Hadithi za wiki, zile za mchezaji kuja ofisini kwako na lalamiko, zinaanza kwa kuvutia na kujirudia upesi mno. Zichukulie kama chanzo cha uzoefu wa bure, chagua jibu lenye faida, songa mbele.

Superstar haihitaji maneno mengi. Unaunda mchezaji mmoja katika nafasi tano: kwotabeki, mkimbiaji, mpokeaji wa pasi, lainibeka (mlinzi wa nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi) au beki wa pembeni, na unacheza mizunguko yake tu. Kwotabeki ndiye pekee anayegusa mpira kila mara. Ukichagua mpokeaji utakimbia njia safi, uwe huru kabisa, na kwotabeki wa kompyuta arushe upande mwingine. Malengo ya kila shambulizi yanaharibu zaidi: unaambiwa upate yadi 20 wakati timu inaongoza na busara ni kumaliza saa. Uhusiano na kocha ni kuchagua jibu kwenye orodha. Tena inadai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako, kwa hiyo kwa mwenye bando la kuhesabu si chaguo zuri. Kinachoiokoa ni uwezo wa kumleta mchezaji wako kutoka College Football 25, gemu iliyotoka kwa PS5 na Xbox Series pekee.

Kuhusu toleo na mashine: hii ni Madden ya mwisho iliyotoka kwa PS4 na Xbox One, kwani Madden NFL 26, iliyofika Agosti 2025, imeziacha. Kwenye mashine hizo BOOM Tech haipo na mwendo wa uwanjani ni wa zamani, ila kazi ya ofisini haikupungukiwa sana, na ofisi ndiyo raha ya Franchise. Mwenye PS5, Xbox Series au kompyuta asilipe bei ya mwanzo kwa toleo lililopitwa, asubiri punguzo.

Kabla ya kuanza, pakua kikosi kipya zaidi, kwa sababu marekebisho ya baadaye hayaingii kwenye Franchise uliyokwisha kuianza. Anza kabla ya msimu ili upate kambi ya mazoezi na kupunguza kikosi mwenyewe. Kisha swali la wapi pa kuhifadhi. Ligi ya mtandaoni inabeba hadi watu 32, lakini inakaa kwenye seva za EA Sports, watengenezaji wa gemu, na mwisho wa Desemba 2022 hitilafu kwenye seva hizo iliharibu Franchise za Madden NFL 23 za watu wengi. Sehemu kubwa haikurudi. Kama huchezi na wenzako, chagua kuhifadhi nje ya mtandao, na kila msimu ukiisha sevu kwa jina jipya badala ya kuandika juu ya lile la zamani.