Kijitabu cha "pick up" kwa wanaopokea wageni Lamu: kizuri, ila kimesahau saa

Kijitabu hiki cha fotokopi kinauzwa Lamu mjini kwa manahodha, wachukuzi na wahudumu wa hoteli. Kinafundisha vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, na sura ndefu kuliko zote ni ya "pick up". Hapo wamelenga, maana anayeshinda gatini hulisikia na kulitamka kutwa.

Uzuri wake uko kwenye mpangilio wa maneno. Kinaeleza wazi kwamba "you", "him", "her" au "them" lazima vikae katikati: "I will pick you up". Ukisema "I will pick up you" umekosea, na kosa hilo limejaa kwenye simu za kupokea wageni. Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kingesaidia hapa: katika "nitakuchukua", ile "ku" nayo imeketi ndani ya kitenzi. Waandishi hawakuitumia njia hiyo. Mzigo ukitajwa kwa jina, pande zote mbili ni sawa, "pick up the bags" au "pick the bags up". Maelezo yakirefuka, kama "the two guests from Nairobi", yaache mwisho.

Kwenye maana, sura inaanza vibaya. Imetanguliza "okota". Kwa karata iliyoanguka, sawa. Lakini mgeni haokotwi. Aliyetua Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege cha Lamu, anafuatwa, anapokewa, anapitiwa hotelini, na hiyo ndiyo ingekuwa maana ya kwanza kwa wasomaji hawa. Anayeshika "okota" peke yake atapotea pia akisikia "the wind is picking up". Hapo hakuna kinachookotwa wala anayetendewa: upepo unakaza. Sentensi hiyo nahodha aiweke ulimini. Akimwambia mgeni kabla ya kupunguza tanga, hatalazimika kujieleza kwa nini safari ya nje inageuzwa.

Nyingine zimepangwa vizuri. "Business is picking up", biashara inachangamka. "I'll pick up the bill", bili nailipa mimi, kwa hiyo mhudumu ampelekee huyo huyo. "She picked up some Swahili", amekidaka Kiswahili kwa kusikia, si darasani.

Maana ya kutongoza imerukwa, nadhani kwa haya. Ni kosa. Mwanamume akimwambia mgeni wa kike baa, usiku, "Can I pick you up?", bila mahali wala saa, anaweza kueleweka vibaya kabisa. Dawa ni kutaja vyote viwili: "I'll pick you up at the Shela jetty at four."

Na hapo kwenye saa ndipo pengo kubwa lilipo, maana sura nzima haigusi habari hiyo. Nahodha anayewaza saa kumi jioni akisema "at ten", mgeni atakuwa gatini saa nne asubuhi, boti haipo, na lawama zinaanza. Kuanzia saa moja hadi saa sita, ongeza sita. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili, toa sita. Saa kumi jioni ni "four in the afternoon". Mistari miwili tu ingetosha.

Matamshi nayo yamepewa nafasi finyu. "Picked up" husikika kama "piktap". Ukiongeza irabu ukasema "pikidi ap", mzungumzaji wa Kiingereza atasita. Kwenye "pick you up" mkazo uko kwenye "up", si kwenye "you" kama ulimi wetu unavyovutwa na mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Likiwa jina, kama "airport pick-up", mkazo unarudi kwenye "pick".

Wenye hoteli watakaonunua nakala za wafanyakazi wao warekebishe pia mfano wa ujumbe ulioko mwishoni: "Airport pick-up included." Mgeni asiyeijua Lamu atatafuta gari nje ya kiwanja cha Manda. Aandikiwe "by boat", aambiwe atakutana na nahodha upande gani wa gati, na kama boti ni ya wazi, mizigo ifunikwe turubai.