TAHADHARI: Anayeuza pampu za insulini za kubandika, karibu aniulie mtoto

Wazazi wenzangu, siku nne nimekaa najiuliza niandike au ninyamaze. Aibu imenijaa. Ila jana nimeona tangazo lake limerudi, picha zilezile, namba mpya, nikasema hapana, hili silifichi.

Mnajua binti yangu mwenye sukari na sindano za insulini. Nne kwa siku, na tangu aingie darasa la nne anajifungia chooni wenzake wasimwone akijichoma. Nilipoona kile kidude cha kubandika mkononi, hakina hata mrija, nililia. Nawaambia ukweli, nililia kwa furaha.

Na yule mtu alikuwa anajua anachokisema! Aliniuliza mtoto ana kilo ngapi, anatumia yuniti ngapi kwa siku, yuniti moja inafuta gramu ngapi za wanga. Maswali yaleyale ya kliniki. Akanirekodia video anajaza insulini kwenye podi, ndicho kile kidude cha kubandika, mpaka ikalia bip, bip. Akasema mdogo wake ana sukari tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo anajua mama anavyokosa usingizi. Mtu anayekwambia hivyo utamshuku kwa lipi? Rimoti na podi kumi, milioni moja na laki sita. Nikapiga hesabu: podi moja siku tatu, kumi ni mwezi mzima. Nilikuwa nimepokea hela ya mchezo juzi yake. Nikatuma kwa simu, bodaboda akaleta jioni ileile.

Ijumaa usiku tukabandika, yeye akinielekeza kwa video. Akaniambia niache ile insulini ya usiku, pampu inafanya kazi zote mbili, ya usiku na ya chakula. Kweli ndivyo pampu zinavyofanya kazi: inadondosha insulini ya haraka kidogo kidogo usiku kucha. Ndiyo maana ikigoma, ndani ya saa chache mtoto hana insulini yoyote mwilini.

Saa tisa usiku nikasikia, "Mama, maji." Jagi la pili. Halafu akatapika. Nilipomshika, mkono wa gauni la kulalia umelowa, nikaunusa: harufu ya insulini, ile kama ya plasta na dawa ya hospitali, kila mmoja wenu anaijua. Gundi ilikuwa imeachia upande mmoja, kile kimrija chembamba kiko nje kabisa ya ngozi, dawa inadondokea kwenye nguo. Kipimo kikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango chake cha kupima. Nikapima mkojo, stripu ya ketoni, ile sumu inayojaa mwili ukikosa insulini, ikageuka zambarau iliyokolea. Wodini tulilala siku mbili, dripu mikono yote. Alipopata nguvu swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, mimi ndiye niliyeiharibu ile mashine?"

Nikampigia yule mtu. Akajibu mtoto amejikuna. Nikasema nataka hela yangu, akaniblock.

Ndipo nikakaa na yale maboksi chini ya taa. Pale penye alama ya kisaa cha mchanga, ndiyo tarehe ya mwisho kutumika, palikuwa na stika ndogo. Nikaikwangua kwa ukucha: chini yake 2022. Podi zote kumi. Mtu alikaa mezani akabandika stika moja moja, anajua kabisa zinakwenda kwenye mwili wa mtoto. Huyo hakukosea biashara. Nimefungua kesi polisi na maboksi nimeyapeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na sitapoa mpaka afungwe. Kurudisha hela hakutoshi. Afungwe!

Dalili zilikuwepo. Hana duka, hana risiti. Nilipotaja daktari wetu akasema, "Hao watakutisha tu, wao wanataka muendelee na sindano." Pale ningekata simu. Kwangueni stika kwa ukucha kabla hamjatoa hata shilingi, na insulini ya usiku msiiache kwa neno la muuzaji, mpaka kliniki waseme.

Namba anabadilisha, lakini picha zake zote kazipiga juu ya kitambaa cha meza cha maua ya njano. Ukikiona, ndiye huyo. Na kama umeshanunua kwake, tafadhali, usiku huu usimbandike mtoto, mchome kama kawaida, halafu nipigie hata iwe saa nane.