Ua la Usambara au adenia: lipi la kupanda mwambani?

Hapa Tanga wengi wananiuliza wapande nini kwenye mawe ya uani. Mimea miwili huja haraka kichwani, na yote hukaa mwambani kwa asili.

Adenia, yaani waridi la jangwani (Adenium), ni kichaka cha jua kali. Shina lake limevimba chini kama kibuyu, humo huhifadhi maji, na kiangazi hupukutisha majani bila kufa. Maua yake ya waridi yana koo refu. Shida ni utomvu: una sumu, na tangu zamani umepakwa kwenye mishale. Penye watoto wadogo siupendekezi mmea huu.

Ua la Usambara ni letu hasa. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia. Leo wataalamu wanaliweka kwenye jenasi (kundi la mimea jamaa) ya Streptocarpus. Linapenda nyufa za mwamba zenye kivuli na unyevu. Majani yana manyoya laini.

Litazame kwa karibu: petali za zambarau, katikati vifuko viwili vya njano vya chavua vimeshikana. Halina nekta, ile maji tamu ya maua. Nyuki hulishikilia, hutetemesha misuli ya mabawa, chavua ikamwagika kupitia tundu dogo la vifuko hivyo. Kijiti kinachopokea chavua kimepinda pembeni, ua hili kushoto, lile kulia.

Kama una kivuli, chagua hili. Jani moja tu, ukilichomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, hutoa mche. Ila usiling'oe msituni, porini limebaki kidogo mno. Nunua kitaluni.