Kadi ya michoro tulivu kwa kompyuta ya kawaida ya gemu: uzoefu wangu na RTX 4060

Boksi la kadi ya michoro, kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kompyuta, hukutajia kumbukumbu, kasi, idadi ya feni na taa za rangi. Sauti utakayoishi nayo kila unapocheza haiandikwi popote, na ndiyo niliyoitafuta zaidi ya kitu kingine. Kadi yangu ya zamani ilikuwa inavuma kiasi kwamba bila hedifoni sikusikia maongezi ya wahusika kwenye gemu. Kwa hiyo nilipofika wakati wa kuibadilisha niliweka utulivu mbele, kasi ikafuata. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya kawaida: prosesa ya Ryzen 5 5600, ubao mama wa B450, pawa saplai ya wati 550 na monita ya 1080p, yaani skrini ya nukta 1920 kwa 1080. Nilichagua RTX 4060 ya NVIDIA yenye feni mbili, na baada ya kuitumia sana nina mengi ya kusema juu yake, mazuri na mengine.

Ukitaka kadi isiyopiga kelele, soma wati kwanza. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kadi unageuka kuwa joto, na joto hilo lazima liondolewe na feni. Chipu (ubongo wa kadi) inayokula wati kidogo inaiachia feni kazi ndogo, basi. RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, imewekewa kikomo cha wati 115. RTX 3060 ya mwaka 2021 ilikuwa ya wati 170, na kwenye gemu nyingi za 1080p hiyo mpya ndiyo inayokimbia zaidi. Tofauti ya wati 55 inaonekana ndogo ukiisoma, lakini kwenye kasha dogo ni tofauti ya feni kuzunguka polepole au kuzunguka kwa hasira.

Nililinganisha pia RX 7600 ya AMD, ambayo kwa kasi ya kawaida inakaribiana kabisa na RTX 4060, ila inakula wati 165. RX 6600 ilinivutia sana kwa wati zake 132 na bado naiona ni kadi nzuri kwa anayetaka kitu cha kiasi, lakini nilitaka nguvu zaidi kidogo. Arc B580 ya Intel ina GB 12 za kumbukumbu, jambo zuri mno, ila inafika wati 190 na inahitaji Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja) iwe imewashwa. Ukiiweka kwenye mashine ya zamani isiyo na uwezo huo, kasi yake inaanguka vibaya. Nilipoweka hizi zote mezani kwa kigezo cha utulivu, jibu lilijitokeza lenyewe.

Lakini kuchagua chipu ni nusu ya kazi. Chipu ileile inauzwa na watengenezaji wengi, kila mmoja na kipoza joto chake, na hapo ndipo watu wengi wanapotazama feni tu. Kadi yenye feni tatu na kipande chembamba cha alumini chini yake inaweza kupiga kelele kuliko yenye feni mbili na kipoza joto kinene chenye mabomba ya shaba. Mimi naangalia unene kwanza, halafu idadi ya mabomba ya shaba, halafu kipenyo cha feni. Feni pana inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Kuna pia matoleo madogo yenye feni moja, mafupi, ambayo yanafaa kwa makasha madogo sana. Kama kasha lako lina nafasi, yapite. Feni moja ndogo italazimika kukimbia, na sauti ya feni ndogo inayokimbia ni nyembamba na ya kuchosha masikio.

Faida moja ya RTX 4060 ambayo sikuwa nimeitilia maanani ni kwamba ubao wake wa saketi ni mfupi. Kwenye matoleo mengi kipoza joto kinaupita ubao huo kwa urefu, hivyo feni ya pili inasukuma hewa ikapenya moja kwa moja mpaka upande wa juu bila kugonga ubao. Ya kwangu iko hivyo. Ukishika mkono juu ya kadi wakati wa gemu nzito unahisi hewa ya moto ikitoka hapo, na ndiyo njia unayotaka joto lipite.

Kwa nini nasisitiza mizunguko ya feni kiasi hiki? Kwa sababu kelele haipandi sawasawa na kasi. Kanuni ya feni inasema ukipunguza mizunguko kwa nusu, sauti hushuka kwa desibeli 15 hivi, na kushuka kwa desibeli 10 sikio letu hulisikia kama nusu ya sauti. Kwa upande mwingine, feni mbili zenye sauti sawa zikiwa pamoja zinaongeza desibeli 3 tu kuliko moja. Ndiyo maana feni mbili kubwa za polepole zinaishinda feni moja ya kasi mara nyingi. Kwangu, chini ya mizunguko 1,300 kwa dakika kadi imepotea kabisa ndani ya sauti ya kawaida ya chumba. Ikivuka 1,700 naanza kuisikia. Ikivuka 2,000 siwezi kuisahau.

Sasa matumizi yenyewe. Unapoandika, kuvinjari au kutazama video, feni za kadi zinasimama kabisa. Karibu kadi zote za sasa za daraja hili zina uwezo huo: zinasubiri chipu ifike nyuzi 50 na kitu, au 60 kutegemea mtengenezaji, ndipo feni ziamke. Ni raha kubwa, na ningesema usinunue kadi isiyo na uwezo huu. Ila kuna kero yake. Ukicheza gemu nyepesi, joto linaweza kukaa palepale kwenye mpaka, na feni zikawa zinawaka, zinazima, zinawaka tena. Kila zinapoamka zinaruka kwa nguvu kisha zinatulia, na sauti inayobadilikabadilika inaudhi kuliko mvumo mdogo usiokatika. Dawa yake ni programu ya MSI Afterburner, ambayo inafanya kazi hata kwa kadi za watengenezaji wengine. Nilichora mstari wangu wa feni: zimezima mpaka nyuzi 58, zikiwaka zisizime tena mpaka joto lishuke kwa nyuzi kadhaa, na zipande polepole kuelekea nyuzi 75. Tangu hapo hazirukiruki. Kikomo cha chipu yenyewe ni nyuzi 90, kwa hiyo nyuzi 70 na kitu si jambo la kukutia hofu. Wapo wanaotaka kadi ibaki nyuzi 55 wakati wa gemu. Hao wanalipa kwa kelele bila kupata chochote cha maana.

Kitu kingine ambacho feni hazihusiki nacho ni mlio wa koili. Ndani ya kadi kuna koili zinazosawazisha umeme, na mkondo unapobadilika kwa kasi kubwa zinatetemeka na kutoa mlio mwembamba kama mbu aliye mbali. Hata kadi mbili za toleo lilelile zinaweza kutofautiana, moja kimya na nyingine inalia. Ya kwangu inalia pale tu fremu (picha zinazochorwa) zinapopita mia kadhaa kwa sekunde, hasa kwenye menyu za gemu, ambako kadi haina kazi ya maana lakini inachora picha ileile kwa kasi ya ajabu. Jambo hilo lilinifundisha mpangilio ninaouona wa thamani kuliko mingine yote: kuweka kikomo cha fremu. Kwenye draiva (programu inayoendesha kadi) ya NVIDIA unaweka kikomo kwa gemu zote au kwa kila gemu peke yake, na programu ya AMD ina kitu hichohicho. Monita ya hezi 60, inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, haiwezi kukuonyesha fremu 140. Zile 80 za ziada zinapotea, lakini umeme wake umeliwa na joto lake liko ndani ya kasha. Kikomo kikiwekwa, gemu za miaka ya nyuma zinaiacha kadi ikila sehemu ndogo ya wati zake 115, mlio wa koili unakoma, na feni zinabaki chini. Nashangaa kwamba watu wanatumia fedha nyingi kwenye vipoza joto kabla ya kujaribu hili lisilo na gharama.

Baada ya hapo nilipunguza volti. Watengenezaji huipa kila chipu volti za akiba ili hata ile dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kukwama, na nyingi hazihitaji akiba yote hiyo. Nimeiweka yangu kwenye takriban MHz 2,500 kwa volti 0.95. Nimepoteza fremu chache ambazo sizioni kwa macho, na wati zimeshuka vizuri tu. Fanya hatua kwa hatua, ucheze gemu nzito kwa muda mrefu kila unaposhusha, na gemu ikifungwa ghafla au draiva ikijiwasha upya, rudisha volti kidogo. Kama hutaki kugusa volti, shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 85 au 80 na uishie hapo. Si kizuri kama kupunguza volti lakini utapata sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kasha nalo lina neno. Kadi za feni za wazi hazitoi joto nje, zinalimwaga ndani ya kasha, na kama uso wa mbele wa kasha ni kioo kilichozibwa, kadi itavuta hewa yake yenyewe ya moto na kuongeza mizunguko. Niliweka feni mbili za mm 140 mbele, za polepole, na moja nyuma. Nikaondoa waya zilizokuwa zimelala chini ya kadi, mahali inapovutia hewa. Hivyo viwili vilisaidia kuliko nilivyotarajia. Uwe tayari pia kwa jambo hili: kadi ikinyamaza, utaanza kusikia vingine. Kwangu ilikuwa feni ya pawa saplai na diski ya zamani ya kuzunguka, ambavyo kumbe vilikuwa vinapiga kelele muda wote vikifunikwa na kadi.

Mapungufu yapo na sitayaficha. Kumbukumbu ni GB 8, na gemu nzito za miaka ya karibuni zinaweza kuijaza hata kwa 1080p ukiweka teksicha (picha zinazofunika vitu kwenye gemu) za juu kabisa. Hapo unashusha teksicha daraja moja na mambo yanaendelea, lakini ni jambo la kulijua kabla ya kununua. Linalohusiana na hilo: RTX 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe, muunganisho wa kadi na ubao mama, na ubao mama kama wangu wa B450 una PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, si 4.0. Kumbukumbu ya kadi ikitosha, tofauti ni ndogo. Ikijaa, data inaanza kupita kwenye njia hizo nyembamba na gemu inakwamakwama. RX 7600 nayo ina njia 8 vilevile, kwa hiyo kukimbilia huko hakukutatulii hili. Na kama unatumia monita mbili zenye hezi tofauti, kadi inaweza kushindwa kushusha kasi ya kumbukumbu yake hata ukiwa hufanyi kitu, joto likakaa juu na feni zisizime. Kuzipa monita zote mbili hezi zinazolingana mara nyingi huondoa tatizo.

Kwa anayenunua sasa, mwaka 2025 ulileta RTX 5060 ya wati 145 na RX 9060 XT, ambayo toleo lake la GB 16 ni la wati 160. Zote zina kasi kuliko yangu, na zote zinahitaji kipoza joto kizuri kidogo ili zifikie utulivu huu. Ya GB 16 ndiyo ningeichukua leo, toleo la kipoza joto kinene, nikaliwekea kikomo cha fremu kabla hata sijafungua gemu ya kwanza. RTX 5060 ningeiacha kwa sababu nayo ina GB 8 tu. Lakini kwa mwenye monita ya 1080p, kasha dogo na pawa saplai isiyo kubwa, anayecheza zaidi gemu za mashindano na za miaka kadhaa nyuma, wati 115 za RTX 4060 bado zina maana kubwa, na akiipata ya mtumba iliyotunzwa vizuri aichukue, baada ya kuisikiliza kwanza ikiwa inafanya kazi nzito na feni zote zinazunguka bila kukwaruza.